Ukienda Mtwara, shuka Nangurukuru

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kama kuna haja ya kusimama popote kati ya Dar es Salaam na Mtwara, kisha akajijibu mwenyewe: "Nimeambiwa Lindi ni mikorosho tu." Tumeyazoea hayo. Mkoa wetu watu huuona kwa dirisha la basi, nusu macho nusu usingizi, na barabara kuu nayo haiwaonyeshi kitu. Kila chenye maana kiko pembeni, mara kilomita chache, mara sitini. Asiyekata kona atafika Mtwara akiapa kwamba hakuona kitu, na hatakuwa amesema uongo.

Basi tuanze na tiketi, maana safari nyingi huharibikia hapo. Shuka Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa iliyo kilomita 300 hivi kutoka Dar, mwendo wa masaa matano au sita kwa basi. Mabasi yanayoishia Kilwa Masoko yapo, na hayo ndiyo nafuu. Ukipanda la Mtwara, unaweza kutozwa nauli nzima hata kama unashuka katikati, hasa karibu na sikukuu. Patana kabla ya kulipa, si ukiwa ndani. Mwambie konda mapema unaposhuka ili mzigo wako usizikwe chini ya magunia ya watu wa Mtwara, la sivyo utasimama juani buti zima likipakuliwa huku abiria wakikusonya. Kutoka Nangurukuru hadi Masoko ni kama kilomita 30 za lami, na Noah na bodaboda hazikosekani.

Fika Masoko alasiri, usifike usiku. Huwezi kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, bila kibali, na kibali hutolewa Masoko kabla ya kupanda chombo. Malipo ya serikali siku hizi hupitia namba ya kumbukumbu, kwa simu au benki. Mtandao ukigoma asubuhi, wewe na nahodha wako mtakaa kwenye gati mkitazamana huku maji yanapwa. Maliza karatasi jioni ile ile. Mtanzania achukue kitambulisho, maana kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni. Bei ya chombo ni maelewano: uliza ni ya chombo kizima au ya kichwa, na ni ya kwenda tu au kwenda na kurudi, tena uliza mbele ya mwongozaji. Ugomvi mwingi wa pale gatini huanzia kwenye swali ambalo halikuulizwa.

Bahari ina ratiba yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana, kwa hiyo saa aliyokutajia rafiki yako wa wiki iliyopita haikusaidii. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na chombo huweza kukwama mbali na ufuko. Miezi ya kusi upepo hupata nguvu mchana. Vuka asubuhi. Mlango wa bahari pale ni kama kilomita mbili tu, lakini mashua ya tanga inayorudi saa tisa, upepo ukiwa mkali, itakulowesha hadi kitambulisho.

Kisiwani wageni wengi huanza na Gereza kwa sababu ndilo linaloonekana kwanza. Ngome hiyo ilianzishwa na Wareno mwaka 1505, ingawa sehemu kubwa ya unachokiona leo ni kazi ya Waomani wa karne ya 19. Kisha huhamia Msikiti Mkuu, halafu jumba la Makutani, na mwisho hukokotwa hadi Husuni Kubwa saa sita za mchana, maji yameisha na miguu imechoka. Geuza mpangilio. Mwambie mwongozaji muanze na Husuni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, jua likiwa bado dogo. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya genge linalotazama bahari. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyo huyo. Tafuta birika la kuogea lenye pembe nane, kisha simama ukingoni utazame lango la bahari: hapo utaelewa kwa nini aliyeikalia Kilwa aliweza kutoza ushuru wa dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imefukuliwa Zimbabwe Kuu.

Msikiti Mkuu usiutazame kwa mbali ukapiga picha ukaondoka. Sogea kwenye kibla uangalie kingo za mawe. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe magumu ya nchi kavu yaliyoshikwa kwa chokaa, lakini mahali penye nakshi fundi alitumia tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai. Likiwa bichi huchongeka kwa urahisi. Likikauka hugeuka jiwe kweli. Ndiyo maana mistari ya nakshi iko sawa kabisa huku ukuta ulio ubavuni mwake umejaa vijishimo. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Yaani jengo zima, kuta na kiungo chake, limetoka kwenye tumbawe. UNESCO waliyaorodhesha magofu haya pamoja na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, mwaka 1981, halafu mtu anakuja kuniambia mikorosho.

Chukua lita mbili za maji kwa kila mtu na viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu matumbawe hukata ndala. Vaa nguo za heshima. Kisiwa kina wenyeji, na njia unazopita ni za nyumbani kwao. Usipande juu ya kuta. Zinaonekana imara, lakini chokaa ya miaka 700 ikiachia haitoi onyo.

Songo Mnara ni habari nyingine. Huko nenda kwa boti ya mashine na uitengee siku nzima, tena panga ufike maji yakijaa, kwa sababu yakipwa utatembea kwenye tope la mikoko. Kama una siku moja tu Kilwa, achana nayo.

Kilwa Kivinje ni kilomita chache kutoka barabara ya Masoko, ukikatia Singino. Watu huiruka kwa sababu haina hoteli za kujivunia, nami nadhani wanakosea. Hapa misafara ya watumwa kutoka Nyasa ilikuwa ikifika pwani, na hapa Wajerumani waliweka boma lao. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, kwenye mwembe, na jina la Mwembe Kinyonga limebaki. Miaka kumi baadaye vita vya Maji Maji vilianzia kwenye vilima vya Wamatumbi, bara ya hapo, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima Nandete. Masaa mawili yanatosha Kivinje: boma, mitaa ya nyumba kongwe, soko la samaki. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha nyumba ya mtu, hata kama inaonekana imehamwa.

Tendaguru sasa, kilima walikofukuliwa dinosaria, na hapa nitasema wazi: usiende ukitarajia kuona mifupa. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walifukua pale zaidi ya tani 200 za visukuku vya dinosaria. Wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, mizigo kichwani na mabegani. Mnyama mkubwa kuliko wote, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, anasimama Berlin hadi leo. Pale kwenyewe kuna kilima, nyasi ndefu na mashimo yaliyojifukia. Ni kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, na kipande cha mwisho kinataka gari lenye magurudumu manne yanayovuta na mwenyeji wa kijiji cha jirani wa kukuongoza. Julai hadi Oktoba ndiyo miezi yake. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunasa gari hadi ekseli, na hakuna wa kukuvuta. Ukiokota kipande cha mfupa, kirudishe ulipokitoa. Ni kosa kisheria, na vilivyoondoka vinatosha.

Kuhusu masika, kuanzia Machi hadi Mei: mwezi Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika Somanga na kwingineko, na magari yakakwama kwa siku. Ukisafiri miezi hiyo, piga simu Nangurukuru kabla ya kutoka Mbagala, na usipange miadi ya Mtwara siku ile ile unayosafiri.

Mji wa Lindi wenyewe unataka nusu siku. Panda chombo cha kuvuka ghuba hadi Kitunda, tazama mji ukiwa upande wa pili, rudi. Kutoka stendi, magari ya Mtwara hupatikana mchana kutwa, mwendo wa masaa mawili hivi. Wa Masasi na Nachingwea wanaachana na njia hiyo Mnazi Mmoja. Kabla hujapanda, tafuta akina mama wanaouza ming'oko, vile viazi pori vyembamba vya porini kwetu, vilivyochemshwa. Vinunue vikiwa na moto bado, ganda libandue kwa vidole, na omba pilipili iwekwe pembeni, isimwagwe juu.