Neno Lililobebwa Mgongoni mwa Farasi

Swali lenu la wiki hii: kabla ya redio, jemadari aliwezaje kuongoza maelfu ya askari katikati ya mapigano? Jibu langu ni kwamba hakuwaongoza. Aliongoza watu wachache, nao wakawaongoza wengine, na neno likipotea njiani watu walikufa. Natoa mfano wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya Kaskazini na Kusini.

Tuanzie chini. Kapteni alikuwa na kombania yake. Kombania 10 zilifanya rejimenti ya kanali, ambayo kwa kanuni ilikuwa na watu kama 1,000, ila kufikia mwaka ule maradhi na risasi vilikwisha kuzipukutisha na nyingi hazikufika hata nusu. Rejimenti 4 au 5 zilifanya brigedi, brigedi kadhaa divisheni, na divisheni 2 au 3 zilifanya kori, kundi kubwa kuliko yote ndani ya jeshi. Jenerali Lee wa Kusini alikuwa na kori 3 za askari wa miguu. Meade wa Kaskazini alikuwa na 7, kila moja ndogo kuliko za Lee, na jeshi hilo alikabidhiwa tarehe 28 Juni, siku 3 tu kabla ya risasi ya kwanza.

Ndani ya rejimenti kulikuwa na sauti ya kamanda, ngoma na bendera, ambayo askari aliitafuta kwa macho moshi wa baruti ulipotanda. Kutoka rejimenti kwenda juu, amri ilikwenda na ofisa aliyepanda farasi, imeandikwa kwenye kipande cha karatasi au imeshikwa kichwani tu.

Ndiyo maana namna ya kusema ilikuwa na uzito. Jioni ya tarehe 1, Lee alimtaka Ewell, mmoja wa makamanda wake wa kori, akiteke kilima cha makaburi kama itawezekana, lakini asiwashe mapigano makubwa kabla jeshi lote halijafika. Ewell hakushambulia. Wengi wanamlaumu hadi leo. Mimi naona lawama ni ya amri yenyewe. Lee alizoea kumwachia Jackson, aliyeongoza kori hiyo kabla ya Ewell, nafasi ya kuamua, na Jackson alikuwa amefariki Mei. Ewell alikuwa na kori hiyo kwa wiki chache tu, akapewa maneno yanayovuta huku na huku.

Kesho yake Kaskazini nusura ipoteze kilima kingine, Little Round Top. Sickles, mmoja wa makamanda wa kori wa Kaskazini, alisogeza kori yake mbele bila idhini ya Meade, na kilima kikabaki bila ulinzi, isipokuwa watu wachache wa kupeleka ishara kwa bendera. Warren, mkuu wa wahandisi, alipofika juu akaona hatari, akatuma watu kuomba msaada. Sykes, kamanda wa kori ya tano, alikubali, akamtuma ofisa amtafute Barnes, kamanda wa divisheni, ili atoe brigedi moja. Ofisa hakumwona Barnes. Alikutana na Kanali Strong Vincent akiwa na brigedi yake.

Vincent aliuliza amri inasema nini. Kwa kanuni haikuwa yake. Ilipaswa ipitie kwa Barnes kwanza. Alisema lawama ataibeba yeye, akapeleka rejimenti zake 4 juu ya kilima. Askari wa Kusini walifika muda mfupi baadaye. Upande wa kushoto kabisa alikuwepo Kanali Chamberlain na rejimenti yake, ya 20 ya jimbo la Maine, na sifa nyingi zimekwenda kwake, kwa haki. Lakini kila nikisoma habari za siku ile, mawazo yangu hurudi kwa Vincent na yule ofisa aliyekuwa akihangaika na neno lake.

Vincent alipigwa risasi jioni ile akiwahimiza askari wake waliokuwa wakirudi nyuma. Alifariki tarehe 7 Julai, akiwa na miaka 26.