Submariner ya Zamani au Mpya: Niliyojifunza kwa Kuzamia Nazo

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikivaa kwa zamu saa mbili za kuzamia za Rolex Submariner. Ya kwanza ni ya toleo namba 16610, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1990, ambayo niliinunua ikiwa imekwishapita mikononi mwa watu wengine; ya pili ni 116610LN, niliyoinunua mpya mwaka 2014. Mdogo wangu anayo ya tatu, 126610LN, toleo lililotoka Septemba 2020, na aliposafiri kwa majuma sita aliniachia niivae na kuzamia nayo. Ninaishi Maskati, na siku nyingi za mapumziko huzitumia katika visiwa vya Daymaniyat, kwa hiyo saa zote tatu nimezijua ndani ya maji ya chumvi na katika jua kali, si dukani tu. Wenzangu wa kuzamia huniuliza mara kwa mara wanunue ya zamani au mpya, na jibu langu halijabadilika: usianze kwa kutazama uso wa saa, anza na kifungio cha mkanda, kisha uangalie hali ya bodi, yaani gamba la chuma la saa.

Nasema hivyo kwa sababu uso wa Submariner umebadilika kidogo sana tangu saa hiyo ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1954 katika maonyesho ya Basel, Uswisi, ikiwa na uwezo wa kuhimili kina cha mita 100. Hata kina cha mita 300 na kioo cha yakuti, ambavyo wengi hudhani ni mambo mapya, vilikwishaingia kwenye Submariner yenye tarehe mwishoni mwa miaka ya 1970. Hivyo anayelinganisha 16610 na hizi za sasa halinganishi saa dhaifu na saa imara. Zote tatu zinazamia kwa kina ambacho mzamiaji wa kawaida hatafika maishani mwake. Tofauti iko kwenye vitu vinavyogusa mkono.

Nianze na bodi, kwa kuwa hapo ndipo namba huwapotosha wanunuzi. 16610 na 116610LN zote huandikwa kuwa na kipenyo cha milimita 40, lakini ukiziweka sambamba utadhani zimetoka katika viwanda viwili. Mwaka 2010, kiwanda kilipoleta 116610LN, kilinenepesha masikio ya bodi, yaani zile ncha nne zinazoshika mkanda, pamoja na kingo mbili zinazolinda ufunguo wa pembeni, na saa ikawa na mabega ya mraba. Mkono wangu una mzunguko wa sentimita 16.5, na juu yake saa hiyo huonekana pana kuliko ilivyo. Toleo la 2020 limeongezwa hadi milimita 41, na niliposikia habari hiyo nilisikitika, nikiamini kwamba sasa imepita kiasi. Lakini nilipoivaa niligundua kwamba masikio yamepunguzwa unene, na mkanda umepanuliwa kutoka milimita 20 hadi 21, hata saa nzima ikarudi karibu na umbo la zamani. Kwa macho yangu, ile ya milimita 41 ni ndogo kuliko ile ya milimita 40 iliyoitangulia. Hata hivyo, bado naona hakuna kati yao inayoifikia 16610 kwa uzuri wa umbo: masikio yake ni membamba, yanateremka taratibu, na saa inalala juu ya kifundo cha mkono bila kuinuka upande. Asiyeamini aivae dukani kwa muda wa saa moja, asiridhike na kuitazama dakika mbili.

Kuhusu kifungio, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye maendeleo ya kweli. Kifungio cha 16610 ni bamba jembamba la chuma lililokunjwa. Ukikitikisa kinalia, na ukitaka kukaza au kulegeza mkanda unahitaji kijiti chenye ncha ili usogeze pini kwenye vitundu vya pembeni. Kipo kipande kinachokunjuka ili mkanda urefuke na kupita juu ya vazi la mpira la kuzamia, lakini urefu wake ni mmoja tu: ama umekikunja, ama umekikunjua. Mimi nilikuwa nikipata taabu kila mwaka majira yalipobadilika, kwani vazi la baridi ni nene na la joto ni jembamba, na mkanda uliokaa vizuri juu ya moja hucheza juu ya jingine. Zaidi ya hayo, vipande vya mwisho vya mkanda, pale unapoungana na bodi, ni mabati matupu yaliyokunjwa katika saa za kabla ya karibu mwaka 2000. Baada ya hapo vikawa chuma kizima, na jambo hilo peke yake lafaa kumfanya mnunuzi wa 16610 apendelee zile za miaka ya mwisho ikiwa nia yake ni kuivaa kila siku.

Kifungio cha 116610LN, kinachoitwa Glidelock, kimechongwa kutoka chuma kizima, na ndani yake kuna reli yenye meno. Unaliinua jino kwa kidole, unasogeza mkanda kwa hatua za milimita 2 hivi, unaliachia likamate. Unaweza kurefusha hadi milimita 20 bila kifaa chochote. Mtu asiyezamia anaweza kufikiri kwamba hili halimhusu. Linamhusu sana yeyote anayeishi kwenye joto. Hapa kwetu mkono huvimba alasiri na kusinyaa ukiingia ofisini penye kiyoyozi, na mkanda usioweza kurekebishwa huwa unabana mchana na kuning'inia usiku. Tangu nilipopata Glidelock sijawahi kuvua saa kwa sababu ya joto. Ingekuwa niruhusiwe kuhamisha kitu kimoja tu kutoka saa mpya kwenda ya zamani, ningehamisha hicho.

Pete ya juu inayozunguka ndiyo tofauti inayoonekana kwanza. Katika 16610 kuna duara la alumini nyeusi lililopachikwa juu ya pete. Katika mbili zilizofuata kuna kauri, na namba zake zimechongwa na kujazwa utando mwembamba wa platini. Kauri haichujuki kwa jua na haikwaruziki kwa mchanga; ya kwangu ya 2014 bado inang'aa kama siku nilipoifungua sandukuni. Alumini hukwaruzika na kupauka, na wapo wanaoupenda weupe ule wa kijivu hata wakalipia zaidi. Lakini uimara wa kauri una upande wa pili. Mimi niliwahi kuligonga duara la alumini kwenye ngazi ya mashua nikipanda kutoka majini, na likabaki na mkwaruzo tu. Mwenzangu aliigonga ya kauri kwenye mtungi wa hewa, ikapata ufa, na gharama ya kuibadilisha ilikuwa kubwa mno ikilinganishwa na duara dogo la alumini ambalo fundi hulitoa na kupachika jingine kwa muda mfupi.

Kazi ya pete yenyewe haijabadilika. Inazunguka upande mmoja tu, kinyume na akrabu, kwa vishindo 120 kwa mzunguko, na sababu yake ni usalama: ikigongwa kwa bahati mbaya itaonyesha kwamba umekaa chini muda mrefu kuliko ulivyokaa kweli, nawe utapanda mapema badala ya kuchelewa. Siku hizi sote tunazamia na kompyuta mkononi, nami sishauri mtu yeyote aiache. Hata hivyo kompyuta yangu iliwahi kuzimika tukiwa karibu mita 18, na dakika nilizozihesabu kwenye ile pete ndizo zilizoniwezesha kupanga kupanda kwangu kwa utulivu pamoja na mwenzangu. Wakati wa kununua ya zamani, izungushe pete taratibu mzunguko mzima na usikilize. Ikiteleza mahali, au ikirudi nyuma hata kidogo, imechakaa.

Mwanga wa gizani ni suala ambalo wauzaji hulipita haraka. Saa za Submariner za hadi karibu mwaka 1998 zilipakwa rangi yenye tritiamu, na chini kabisa ya uso, mahali pa namba sita, utaona maandishi SWISS - T<25. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo saa ya miaka ya 1990 leo haitoi mwanga wa kutegemewa. Yangu ni giza tupu chini ya miamba. Nukta zake zimegeuka rangi ya maziwa yaliyochemka na samli, na ninazipenda, ila sikuzamia nayo usiku. Zilizofuata zina SWISS peke yake au SWISS MADE na rangi isiyo na mionzi, na kuanzia 116610LN mwanga ni wa buluu, nukta zenyewe zimekuzwa, na saa husomeka tangu magharibi hadi alfajiri. Mtu akikupendekezea kupaka upya nukta za saa ya tritiamu, kataa. Utapoteza uasili wake ambao hauwezi kurudi.

Kuhusu mashine nitasema kwa ufupi. 16610 na 116610LN zina mashine ileile kwa asili, 3135, iliyoanza mwaka 1988, na kila fundi mzuri wa saa anaijua kama kiganja chake. Ikijaa kamani, yaani springi inayoiendesha, hutembea karibu saa 48. Ile ya 2020 ina 3235, inayokaa karibu saa 70, na kiwanda huahidi isipotee wala kuzidi sekunde 2 kwa siku, wakati kipimo rasmi cha Uswisi cha saa za usahihi wa juu, yaani COSC, huruhusu kati ya kupungua sekunde 4 na kuzidi sekunde 6. Maana yake katika maisha ni hii: nikivua 116610LN Alhamisi saa kumi na moja jioni, mwisho wa juma la kazi hapa Omani, itasimama Jumamosi jioni, lakini 126610LN niliikuta inatembea Jumapili asubuhi nilipokuwa nikijiandaa kwenda kazini. Ni raha, lakini si sababu ya kutosha kumfanya mwenye saa nzuri ya zamani aiuze.

Sasa nifikie jambo lililonigharimu. Niliponunua 16610 niliambiwa na muuzaji kwamba haijawahi kupigwa msasa, nami nikaamini kwa sababu iling'aa. Kung'aa kwenyewe ndiko kulikopaswa kunishtua. Baadaye niliiweka kando ya saa nyingine ya umri ule nikaona kwamba masikio ya kulia ni membamba kuliko ya kushoto, na vitundu vya pembeni ya masikio, ambavyo saa hizi zilikuwa navyo hadi karibu mwaka 2003, viko karibu mno na ukingo. Chuma kilichosagwa hakirudi. Itazame saa kutoka juu na kutoka ubavuni, linganisha masikio yote manne, angalia kama ukingo kati ya sehemu iliyong'arishwa na sehemu yenye mistari bado ni mkali. Afadhali saa yenye mikwaruzo ya matumizi kuliko iliyolainishwa kama sabuni.

Kosa la pili lilikuwa kuzamia nayo kabla ya kuipima. Kioo kilipata ukungu kwa ndani siku ileile, kwa kuwa mipira ya kuzuia maji ilikuwa imekauka, na matengenezo yakawa ya mashine nzima. Nukta tatu zilizo chini ya alama ya taji kwenye ufunguo wa kuskurubu zinaonyesha kwamba una mfumo madhubuti wa kuzuia maji, lakini mipira ni mipira. Saa ya zamani ikishanunuliwa, ipelekwe kwanza kwa fundi mwenye mashine ya kupimia shinikizo, hata kama muuzaji anayo karatasi.

Kwa wasomaji wa Omani niongeze neno kuhusu saa zenye alama ya jambia kwenye uso. Katika miaka ya 1970 Sultani Qaboos, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliagiza saa za Rolex zenye nembo hiyo kwa ajili ya zawadi, zikiwemo za kuzamia, na thamani yake leo ni kubwa. Kwa sababu hiyohiyo zimeghushiwa sana, na mara nyingi bodi ni ya kweli ila uso umechapwa upya. Asinunue mtu saa ya namna hiyo kwa maneno matupu. Kwa 16610 ya kawaida, omba mkanda uvuliwe ili usome namba zilizochongwa kati ya masikio. Katika zile za karibu mwaka 2008 na kuendelea namba ya saa huandikwa kwenye ukingo wa ndani unaozunguka uso.

Mdogo wangu aliporudi aliniuliza kama ningebadilishana naye. Nilimwambia kwamba kwa kazi ya majini yake ndiyo bora, kwa kifungio na kwa mwanga, na kwamba anayenunua saa moja tu ya kuivaa kila siku kwa miaka ishirini achukue hiyo, au 116610LN iliyotunzwa ikiwa mkono wake ni mpana. Ile 16610 nimeitoa katika kuzamia. Naivaa Ijumaa na kanzu, ambapo wembamba wake hupita chini ya mkono wa nguo bila kukwama.