Viraka 41 na uso wa Lydia

Usiku ule, ndani ya gemu ya Skyrim, nilikuwa nimeua joka langu la kwanza, nimepanda ngazi hadi jumba la Dragonsreach pale Whiterun, Jarl, mtawala wa mji, kanipa cheo na mlinzi wa kuandamana naye. Mlinzi mwenyewe ni Lydia. Aliyecheza Skyrim anamjua. Nikamgeukia nimwone. Mikono sawa, miguu sawa, ila kuanzia shingoni kwenda juu alikuwa wa kijivu, kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye gunia la mkaa. Na pale shingoni mstari umekatwa wazi kabisa, utadhani fundi cherehani aliishiwa kitambaa akamalizia na kingine.

Kilichoniuma si uso. Gemu yangu nilikuwa nimeijaza modi, yaani nyongeza na mabadiliko yanayotengenezwa na wachezaji, na juu yake nilikuwa na viraka 41. Nilivipakua kwa bando la usiku, kimoja baada ya kingine, kila nilipoona mahali pameandikwa kwamba kiraka hiki kinapatanisha modi fulani na modi fulani. Moyoni nilijiona mtu mwangalifu. Kumbe katika vyote 41 hapakuwa na hata kimoja kilichomhusu Lydia, na vinne au vitano vilikuwa vya modi ambazo sikuwa nazo tena.

Nikapiga picha orodha yangu nikamtumia dogo mmoja wa Tanga ninayecheza naye. Jibu lake: “Kaka, mbona unakunywa dawa zote hizi na hujapima?” Halafu akauliza, hicho cha tatu kutoka juu kinapatanisha nini na nini? Sikujua. Cha nne je? Sikujua pia. Akaniambia nisipakue chochote tena mpaka niweze kumjibu swali hilo kwa kila mstari. Wiki mbili hivi nilikaa sichezi, nasoma tu kilichomo ndani ya mafaili. Nayaandika haya kwa yule anayeanza leo, asirudie njia yangu.

Anza na kitu kidogo, upanga wa chuma. Kila kitu katika Skyrim, kiwe upanga, mtu, chumba au hata aina ya mvua, kina rekodi yake, na rekodi ina namba. Upanga wa chuma namba yake ni 00012EB7. Ndani ya rekodi mna nguvu ya pigo, 7, uzito, 9, bei, 25, na mambo mengine mengi. Sasa tuseme modi ya kwanza inataka pigo liwe 9, haigusi kingine. Modi ya pili inataka uzito ushuke hadi 4, nayo haigusi kingine. Mtu wa kawaida angesema hapo hakuna ugomvi, kila mmoja kashika lake. Nami ndivyo nilivyoamini kwa miezi.

Ukiingia ndani ya gemu utakuta upanga una uzito 4 na pigo 7. Ile 9 imepotea. Sababu ni kwamba gemu haichagui mstari kwa mstari. Modi inapotaka kubadili kitu kimoja ndani ya rekodi, huibeba rekodi nzima, na anayekuja mwisho kwenye foleni ndiye anayesikilizwa, yote aliyoandika na yote ambayo hakuyagusa. Ni kama fomu ya serikali ya mtaa: ukijaza mpya kwa ajili ya kubadili namba ya simu tu, na sehemu ya anwani ukanakili kutoka fomu ya zamani, ile anwani ya zamani ndiyo itakayobaki kwenye jalada, hata kama jana mkeo alishapeleka fomu yenye anwani mpya.

Kiraka ni fomu ya tatu. Mtu amekaa, akaandika pigo 9 kutoka kwa huyu na uzito 4 kutoka kwa yule, akaiweka nyuma ya wote wawili. Basi. Hakiongezi uzuri wala hakiharakishi gemu, na hakikulindi na kitu ambacho hakikutajwa ndani yake. Kwa hiyo swali la dogo wa Tanga ndilo swali lenyewe: kiraka hiki kimeandikwa kwa ajili ya ugomvi wa nani na nani, juu ya kitu gani?

Hapo pia utaelewa kwa nini gemu hujifunga kabla hata ya menyu kutokea. Kiraka kina wazazi. Faili lake limeandikwa ndani kwamba linategemea plagini (mafaili ya modi yanayobeba rekodi) fulani na fulani, na mmoja akikosekana, Skyrim haisubiri kuulizwa. Mod Organizer 2, programu ya kupangia modi, huweka alama ya onyo pembeni ya plagini iliyofiwa na mzazi. Mimi nilikuwa naiona alama hiyo kila siku nikidhani ni pambo. Mara nyingi yatima hawa huzaliwa hivi: unasakinisha modi kubwa, inakuletea orodha ndefu ya viraka uweke tiki, nawe kwa kuwa hutaki kukosa kitu unaweka tiki kote. Au uliweka sawasawa, kisha baada ya mwezi ukaiondoa ile modi nyingine na kukisahau kiraka chake. Ukiondoa modi, ondoa na viraka vyake siku hiyo hiyo.

Halafu kuna LOOT. Ni programu nzuri, naitumia. Lakini kazi yake ni kupanga foleni, haiandiki fomu. Wanaoanza wengi huibofya, wanaona kila kitu kimejipanga, wanapumua. Katika mfano wa upanga wetu, LOOT inaweza kukusaidia kuamua nani ashindwe. Kuwapatanisha haiwezi.

Sasa Lydia. Kesi yake ilinichosha kwa sababu ina ugomvi wa aina mbili kwa mpigo, na hili sikuliona likielezwa vizuri nilipoanza. Sura ya mtu katika Skyrim imeandikwa mara mbili. Mara ya kwanza ndani ya rekodi yake: nywele gani, pua ya umbo gani, rangi gani usoni. Mara ya pili ni mafaili mawili yaliyookwa tayari, moja la umbo la kichwa na moja la rangi yake, yaliyopewa jina kwa namba yake. Ya Lydia yanaanza na 000A2C8E. Rekodi na mafaili hayo vikikubaliana, unaona uso. Visipokubaliana, unaona gunia la mkaa.

Nilikuwa na modi moja ya kurembesha wahusika na nyingine ya kuwapa wasaidizi nguvu zaidi vitani. Ya urembo ilileta rekodi pamoja na mafaili. Ya vita ilileta rekodi tu, yenye sura ileile ya zamani iliyonakiliwa, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na habari na nyuso za watu. Ya vita ikawa nyuma kwenye foleni. Matokeo yake gemu ikasoma rekodi ya vita na kuchukua mafaili ya urembo. Nani mkosaji? Hakuna. Kila mtengenezaji alifanya kazi yake bila kumjua mwenzake.

Kwenye Mod Organizer 2 mambo haya mawili yanakaa pande mbili za skrini. Upande wa kushoto ndiko mafaili ya umbo na rangi yanakoshindana. Utaona alama ndogo za radi zenye kujumlisha na kutoa, kuonyesha nani kamfunika nani. Upande wa kulia ni foleni ya plagini, yaani rekodi. Kushinda upande mmoja hakukupi ushindi upande wa pili. Mimi nilikuwa nasogeza modi ya urembo kushoto, chini kabisa, najiuliza kwa nini Lydia habadiliki. Tayari alikuwa ameshinda kushoto. Alikuwa anashindwa kulia.

Njia rahisi ilikuwa kuipeleka plagini ya urembo nyuma ya ile ya vita. Uso ungerudi, nguvu mpya zingepotea. Mimi nilivitaka vyote, kwa hiyo nikafungua SSEEdit, programu ya kusoma na kuhariri rekodi, ambayo nilikuwa nikiikimbia kwa sababu inaonekana kama daftari la mhasibu.

Niseme ukweli, ile hofu ilikwisha kwa nusu saa. Unaifungua, inasoma plagini zako zote, kisha unaandika namba 000A2C8E juu kwenye sehemu ya kutafutia. Upande wa kulia wanajipanga kwa safu: kushoto kabisa ni Lydia wa gemu yenyewe, anayefuata ni wa modi iliyotangulia, na kulia kabisa ni aliyeshinda. Mstari ambao watu wanagombana una mandharinyuma mekundu. Maandishi ya aliyeshindwa ni mekundu, ya mshindi ya rangi ya chungwa. Nikamwona Lydia wangu kwa macho yangu, nywele za modi ya urembo zimeandikwa kwa wekundu, zimefunikwa na nywele za mwaka 2011.

Nilichofanya: nikabofya kwa kitufe cha kulia juu ya safu ya mshindi, nikachagua “Copy as override into”, nikaunda faili jipya. Ikatokea safu mpya, mwisho kabisa. Hapo nikawa nakamata kwa kipanya mstari wa nywele kutoka safu ya urembo, nauburuta hadi safu yangu, naachia. Vipande vya kichwa, hivyo hivyo. Rangi ya ngozi ya uso, umbo la pua na midomo, rangi za kupaka usoni. Mistari ya nguvu, ujuzi na mbinu za vita sikuigusa, kwa sababu ilikuwa tayari ya modi ya vita. Nikahifadhi. Nikaingia Dragonsreach, Lydia akanigeukia na uso wake mzima.

Nilimpigia dogo wa Tanga saa sita usiku. Alinitukana kidogo kisha akanipongeza.

Tangu hapo nimejifunza jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko yote, na sijui kwa nini halizungumzwi sana: kiraka huzeeka. Kumbuka kinabeba rekodi nzima. Aliyekitengeneza alinakili hali ya wazazi wake siku ile. Mzazi mmoja akitoa toleo jipya, akarekebisha kosa ndani ya rekodi hiyo hiyo, kiraka chako kilichoko nyuma ya foleni kitaendelea kuleta fomu ya zamani. Umepakua marekebisho, umeona namba ya toleo imepanda, na kosa bado lipo. Unamlaumu mtengenezaji wa modi ilhali kinachokuangusha umekiweka mwenyewe. Kwa hiyo ukurasa wa kiraka ukisema ni cha toleo fulani, ule mstari usiuruke kama masharti ya benki. Ukisasisha mzazi, fungua SSEEdit, angalia kama kiraka bado kinasema kweli.

Nafasi pia ni mali. Skyrim inapokea plagini kamili 254, za gemu yenyewe zikiwemo. Zinaonekana nyingi mpaka utakapofika. Toleo la Special Edition lilitoka Oktoba 2016, na sasisho lake la baadaye ndilo lililofungulia plagini nyepesi; hizo hukaa zote kwenye nafasi moja ya pamoja na zinaweza kufika 4,096. Kiraka kinachobadili tu rekodi zilizopo, bila kuongeza kipya, ndicho kinachofaa kabisa kuwa chepesi, na SSEEdit inakupa uchaguzi huo unapounda faili jipya. Mimi viraka vyangu vya mwanzo vyote vilikuwa vizito, nikaja kuvirudia.

Kuna ugomvi mmoja ambao usijichoshe nao kwa mkono, ule wa orodha za bahati: nini kinatoka kwenye sanduku, jambazi atavaa nini, muuza duka ataleta bidhaa gani. Modi kumi za silaha zote zinataka kuingia kwenye orodha hizo hizo. Programu iitwayo Wrye Bash inaziunganisha yenyewe katika kiraka kimoja. Ukiongeza modi, unakijenga upya. Dakika chache tu.

Na si kila wekundu unahitaji kiraka. Siku za mwanzo nilipoona mandharinyuma mekundu nilitaka kutibu kila kitu, hata jina la sufuria kwenye nyumba ya wageni. Modi mbili zikigombea mwangaza wa chumba kimoja, chagua unaoupenda, uache nyuma, uendelee na maisha. Kiraka ni pale unapotaka vyote viwili.

Orodha yangu leo ina viraka 12. Saba ni vya wenyewe, vitano nimeviandika mimi, na kwa kila kimoja nina mstari kwenye daftari la shule: wazazi wake, matoleo yao, na rekodi inayogombaniwa. Nikiweka kipya siingii na mchezo wangu wa siku zote. Nafungua gemu, nikiwa bado kwenye menyu nabonyeza kile kitufe kilicho chini ya Esc, naandika amri coc riverwood, na gemu inanitupa kijijini Riverwood bila kugusa sevu yoyote. Natembea hadi Whiterun kwa miguu, naingia Dragonsreach, nawatazama watu nyuso. Jana niliongeza modi ya taa za mjini. Mlinzi mmoja wa lango amekuwa kijivu, na sijajua bado anagombaniwa na nani.