Redio ya kuchemsha plazma

SWALI: Nimesoma kwamba mtambo wa ITER unaojengwa Ufaransa, wa kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati, utapasha plazma (gesi ya moto ambayo elektroni zimebanduka kwenye atomi) mpaka nyuzi milioni 150, na sehemu ya joto itatoka kwa mawimbi ya redio. Si ndo haya haya yanayoleta matangazo? Mbona wasipitishe umeme tu humo ndani?

JIBU: Umeme wanaupitisha, tena ndo unaoanza kazi, shida ni kwamba plazma ikizidi kupata moto ukinzani wake unashuka, kwa hiyo ukifika mamilioni kadhaa ya nyuzi umeme unapita tu bila kuacha joto la maana. Hapo ndo mawimbi yanaitwa.

Sasa, plazma inashikiliwa kwa sumaku, na kwenye sumaku kila elektroni inazunguka, na idadi ya mizunguko inategemea zaidi nguvu ya sumaku yenyewe: tesla 1 ni kama mizunguko bilioni 28 kwa sekunde. Ukirusha wimbi la masafa hayohayo elektroni inalimeza, yakipishana linapita zake. ITER wamepanga gigahezi 170 (mizunguko bilioni 170 kwa sekunde) kwa elektroni, ila ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, ni nzito mno, zenyewe zinataka megahezi 40 mpaka 55, yaani chini kidogo ya FM, kwa hiyo ndugu msomaji hujakosea sana, tofauti ni kwamba hapa tunaongelea megawati.

Utamu wenyewe ni huu: kwenye tokamaki, yaani mtambo wa umbo la donati kama ITER, sumaku ina nguvu zaidi upande wa ndani kuliko wa nje, so masafa yanalingana sehemu moja tu, na wewe ndo unachagua joto litue wapi, boriti ya mawimbi unaielekeza kwa vioo vya chuma. Mistari ya sumaku ikijikunja ikafanya vile wanavyoita visiwa, joto linavuja na plazma inaweza hata kuvunjika yote, sasa unapiga boriti palepale kisiwani, inasukuma mkondo wa umeme na kisiwa kinasinyaa. Mimi hili linanivutia kuliko hata kupasha kwenyewe.

Mawimbi pia yanaweza kubeba mkondo muda mrefu, jambo ambalo transfoma, ile inayosukuma umeme wa mwanzo ndani ya plazma, haliwezi. Mtambo wa WEST, hukohuko Ufaransa, Februari 2025 ulishikilia plazma zaidi ya dakika 22 kwa megawati 2 za mawimbi.

Kero ipo kwenye antena za ioni. Wimbi lao linafifia kabla ya kuifikia plazma, inabidi antena ikae karibu kabisa nayo, na huko chuma kinachubuka, kikiingia ndani kinapoza kilekile ulichokuwa unachemsha.