Nyumba za samaki ziwani: mnaoanza, anzieni na upondo

Ndugu zangu mnaotaka kuanza kuweka makazi ya samaki ziwani, yaani vitu vya kuzamisha chini ili samaki wajifiche na kula hapo, hasa nyie vijana wa vikundi vya huku Lindi na Mtwara, ngoja niwaambie mambo ambayo mi niliyajua nikiwa nimeshapoteza mwaka mzima, ili nyie msiupoteze.

Mara ya kwanza tulikuwa watu nane, ziwa la upande wa Rutamba, huku Lindi. Mnajua huku kwetu korosho zikishavunwa watu wanapogolea mikorosho, matawi yanajaa shambani afu yanachomwa moto bure, sisi tukaona hii mali. Tukafunga mafungu kwa kamba ya katani, tukatia mawe katikati, tukazamisha. Siku za mwanzo furaha tupu. Mwezi wa tatu mafungu mawili tukayakuta yameelea kwenye matete, kamba imeoza, mawe yamebaki chini huko, na yale mengine tulipoenda kuyapapasa hatukugusa kitu kabisa, yamemezwa na tope yote. Kazi ya siku tisa ya watu nane. Iliniuma sana, na mzee mmoja mvuvi pale ndo akaniambia, "Mwanangu, hamkuuliza chini pakoje, mlitupa tu."

Kwaiyo kabla ya saruji, kabla ya hela, chukua upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, mrefu ulionyooka, panda mtumbwi, nenda ukaulize chini. Usimamishe upondo wima uuache ushuke kwa uzito wake wenyewe, weka kidole pale maji yanapoishia, afu sasa kandamiza kwa mikono miwili na kifua uone kidole kimezama kiasi gani. Ikiwa shubiri moja au chini ya hapo, sehemu hiyo itabeba mzigo. Ikifika dhiraa, hama, usibishane nayo. Na sikiliza mkononi, mchanga na changarawe unausikia unakwaruza hadi kwenye kiganja, tope halina sauti. Ukivuta upondo nusa ile ncha. Tope jeusi linalonuka yai viza maana yake pale chini hewa hakuna, na samaki hatakaa hata umjengee ghorofa.

Hiyo ya hewa wengi hawaijui. Wanadhani kina kirefu ndo kizuri kwasababu samaki wakubwa wanakaa kina kirefu. Maziwa yetu ni ya joto, maji ya juu yanapashwa na jua yanakuwa mepesi yanakaa juu, ya chini yanabaki pale pale hayachanganyiki vizuri, na uozo wote wa majani unakula ile hewa kidogo iliyopo. Sisi tunaweka kwenye mita mbili mpaka nne tu. Na pima wakati wa kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, maana mvua zetu za kusini zinaanza kwenye Novemba au Desemba zinaenda mpaka Aprili, Mei, ukipima maji yamejaa utakuja kukuta nyumba yako imekaa nje juani watoto wanaichezea. Maji yakiwa chini kabisa bado juu ya nyumba ibaki kama mita moja mtumbwi upite.

Sasa vifaa. Matawi ya mkorosho sijayaacha, nayapenda mpaka leo, ila siyo nguzo ya kazi tena, yanaoza mapema. Nayachomeka kwenye zege kama nyasi za kuezekea, yakiisha naongeza. Angalizo, chukua yaliyokatwa kabla ya kupuliza salfa na dawa zile nyingine, mashamba yakishapuliziwa achana nayo kabisa. Mianzi nayo ni nzuri ila usipotoboa kila pingili inabaki na hewa ndani, inaelea na inaweza kunyanyua hata uzito uliofunga. Mpingo unazama wenyewe, mzito kuliko maji, lakini jamani mpingo una sheria zake na thamani yake, usiende kuukata kwa kazi hii. Kamba tumia ya nailoni.

Kinachodumu ni zege. Ndoo moja ya saruji, mbili mchanga, nne kokoto, mchanga uwe wa mto siyo wa baharini maana wenye chumvi unakula nondo kama umeweka nondo. Tunatumia beseni kubwa kama fomu, na kutengeneza matundu tunakata vipande vya mgomba tunavisimamisha ndani kabla ya kumwaga, zege likikauka unausukuma mgomba unatoka laini kabisa, tundu limebaki. Mwagilia maji wiki nzima, funika na magunia, liache likomae siku 28, usiwe na haraka. Halafu kuna kitu nakisisitiza kwa nguvu, zege bichi linatoa chokaa kali majini, samaki wadogo haliwafai, kwaiyo yakishakomaa tunayaloweka kwenye shimo lenye maji tunabadilisha maji mara kadhaa kabla ya kuyapeleka ziwani. Maji hayo usiyamwage ziwani, na wala usichanganyie zege ukingoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji na mi naona ni sheria nzuri.

Uzito msidanganyike nao. Zege la kilo 50 mkilibeba nchi kavu mnasema hili haliendi popote, ila likiwa majini linabaki kama kilo 29 hivi, maji yanabeba nyingine. Kwaiyo panua kitako, sufuria iliyofunikwa kichwa chini inakaa kuliko mnara.

Matairi hapana. Najua ni ya bure na yamejaa gereji. Marekani, kule Florida, walizamisha matairi kama milioni mbili miaka ya 1970 wakisema ni miamba ya samaki, vile vifungo vikaliwa na kutu, matairi yakaanza kutembea chini ya bahari yakisaga matumbawe hai, na baadae wakaleta wapiga mbizi wa jeshi kuyatoa. Wao wana jeshi la kuyatoa, sisi tuna mitumbwi.

Matundu yawe ya namna mbili tatu. Mengi ya saizi ya ngumi ya mtoto, hapo ndo vifaranga wa perege wanajificha. Machache makubwa ya kupita mkono hadi kwenye bega, kambale anayapenda, ila kambale huyo huyo anakula wadogo ndo maana nasema machache. Na zege usilisugue likawa laini, liache na makwaruzo, ule utelezi wa kijani unaoota juu yake ndo chakula cha perege. Watu wa Benin kwa miaka mingi wamechomeka matawi kwenye ziwa lao la Nokoué, wanaita acadja, samaki wanakuja kujificha na kula hapo hapo.

Ila usiweke juu ya viota. Perege dume anachimba kama bakuli kwenye mchanga wa kina kifupi, ukichungulia asubuhi maji yakiwa safi unayaona yamepangana, pale ni chumba cha uzazi tayari kimeshajengwa, wewe kaa mbali. Na vifaranga vya kutoka nje usilete hata ukipewa bure. Maziwa ya upande wa Rutamba yana perege wake wa asili, na wataalamu walishaona wameanza kuchanganyika na perege wa kuletwa, inatosha hiyo.

Kushusha: usitupe. Unganisha mitumbwi miwili kwa miti miwili kukiwa na nafasi katikati, zege lining'inie hapo. Kamba pitisha kwenye tundu ncha zote mbili ubaki nazo mkononi, shusha pole pole, likishakaa unaachia ncha moja unavuta nyingine kamba inarudi yote. Kamba isizunguke mkono wala mguu wa mtu, hata kidogo. Na waulize wenyeji kwanza habari za mamba na kiboko, wakisema sehemu fulani hapana basi ni hapana.

Vibali nendeni mapema, serikali ya kijiji, afisa uvuvi wa halmashauri, na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Siyo usumbufu. Mkiwa na muhtasari wa kijiji wenye mihuri unaosema eneo hili halivuliwi, hapo ndo mna nyumba. Bila hiyo mnakusanya samaki sehemu moja wachukuliwe kwa urahisi, mnakuwa mmelidhuru ziwa kuliko kuliacha.

Hili limetupata. Mara ya pili zege lilikaa vizuri, tukaweka maboya ya madumu ya njano tukiringa nayo, kumbe tumewaonyesha watu mlango. Wakaja usiku na nyavu za macho madogo wakazungushia, asubuhi tukakuta magamba kwenye matete na vifaranga vya urefu wa kidole vimetupwa ukingoni vimekauka. Nilikaa pale chini nikashindwa kuongea.

Siku hizi maboya hatuweki. Tunapiga alama za nchi kavu, mnazi ulioinama uwe sawa na paa la shule, upande wa pili mwembe uwe sawa na ile miamba miwili, pale mistari inapokutana ndo pale, imeandikwa kwenye daftari linalokaa kwa mwenyekiti wa kikundi. Na kati ya nyumba na nyumba tumeweka zege zenye nondo fupi zimetokeza kwa pembeni, kokoro, ule wavu wa kuburuta, likipita linanasa, wa kokoro wameshahama upande huo. Wa ndoano hawasumbuki.

Mwezi wa kumi maji yakishuka tunaongeza nyingine sita. Mwenye nafasi aje, na aje na upondo wake.