Bastola ya leseni, Kampala hadi Mombasa

Umeuliza kama unaweza kubeba bastola yako kwenye gari, safari ya familia hadi Mombasa. Hapana ndugu, leseni yako ya Uganda inaishia mpakani. Ukishavuka ni sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, na bila kibali chao ulichokipata kabla ya safari wewe ni mtu mwenye silaha haramu, hata kama watoto wamelala kiti cha nyuma.

Usijidanganye eti utaitangaza ukifika mpakani Malaba. Siku hizi ukienda Kenya unagongewa mihuri yote, ya kutoka na ya kuingia, upande wao, kwa hiyo kabla hujafungua mdomo umeshaiingiza nchini.

Mjomba wangu yake huikabidhi polisi kabla ya safari. Nilimsindikiza mara moja: afisa alihesabu risasi moja moja mezani, akaandika namba ya bastola kwenye daftari, akampa karatasi. Hiyo karatasi usiipoteze!

Mkibadili mawazo mkaenda Arua, humo humo Uganda, leseni yako inatosha, ila utembee nayo, na bastola isikae kwenye dashibodi. Lakini msikatize hifadhi ya Murchison Falls, maana ndani ya hifadhi silaha ni mpaka kibali cha watu wa wanyamapori.