Jibu: PHP inatuma SMS ileile mara mbili foleni ikirefuka

Mkuu, cron yako (kipangaji cha Linux kinachoendesha kazi kwa ratiba) inaita skripti ya PHP, tuma.php, kila dakika. Foleni ya SMS zinazosubiri kutumwa ikirefuka, skripti ya kwanza haijamaliza na ya pili imeshaanza. Zote zinasoma safu zilezile za jedwali la sms zenye hali ya 'inasubiri', ndiyo maana mteja anapata SMS mbili.

Dawa ya haraka ni flock, amri inayoweka kufuli ili skripti moja tu iende kwa wakati mmoja. Kwenye crontab (faili la ratiba ya cron):

* * * * * flock -n /tmp/sms.lock php /var/www/tuma.php

Ya pili ikikuta kufuli inaondoka kimya. Usijitungie faili la kufuli kwa file_exists (kuangalia tu kama faili lipo): skripti ikifa katikati, faili linabaki na foleni inalala. Kufuli la flock huachiwa mchakato ukifa.

Ukitaka skripti nne zitume kwa pamoja, tumia hifadhidata ya MySQL 8.0 au mpya zaidi (jedwali liwe la aina ya InnoDB, safuwima ya hali iwe na indeksi). Fungua transaksheni (hatua zinazokamilika zote pamoja au zisifanyike kabisa), kisha:

SELECT id FROM sms WHERE hali='inasubiri' ORDER BY id LIMIT 20 FOR UPDATE SKIP LOCKED;

SKIP LOCKED huruka safu zilizokwisha fungwa na skripti nyingine. Badilisha hali iwe 'inatumwa' na uandike saa, COMMIT (kamilisha transaksheni), ndipo utume. Ukituma kabla ya COMMIT, mtoa huduma wa SMS akichelewa sekunde 30 na safu nazo zimefungwa sekunde 30.

SMS zilizoganda kwenye 'inatumwa' zaidi ya dakika 10 usizirudishe kwenye foleni kichwakichwa. Huenda zilishafika, kwa hiyo uliza kwanza kwa mtoa huduma kwa namba ya ujumbe.